Pesa ambazo hazijadaiwa Ohio: zijenge uwanja au zisubiri wenyewe?

Mleta mada, Columbus
Wakuu, tulijadili hili bila uchama. Tarehe 30 Juni 2025 Gavana Mike DeWine alisaini bajeti ya jimbo la Ohio, Marekani, na ndani yake mna dola milioni 600 za uwanja mpya wa Cleveland Browns, timu ya futiboli ya Kimarekani, kule Brook Park. Zinachotwa kwenye mfuko wa pesa ambazo hazijadaiwa: hundi za mishahara zilizorudi, akaunti za benki zilizolala, bima za marehemu, amana za umeme. Jimbo lilikuwa limeshika kama dola bilioni 4.8 za namna hiyo. Zamani ungeweza kuja kudai chako hata baada ya miaka 30. Bajeti hiyo ikasema kuanzia Januari 1, 2026, iliyokaa miaka 10 ni mali ya jimbo. Wenye pesa zilizokuwa zimeshafika umri huo wamepewa hadi 2036.

Napinga. Ya kwangu niliipata kwa bahati tu: dola 212, mshahara wa wiki ya mwisho kwenye ghala fulani. Waliituma kwenye anwani niliyokwisha hama, na miaka sita sikujua. Halafu nasikia watu wanaziita "pesa zisizo na mwenyewe". Kutodaiwa ni kitu kimoja, kukosa mwenyewe ni kingine. Jirani akikuachia mbuzi akasafiri, maziwa kunywa, maana majani unamkatia wewe. Lakini humchinji kwenye harusi ya mwanao eti jirani kachelewa kurudi.

Mchangiaji, Cleveland
Mbuzi wako mzuri, ila hesabu hukuipiga. Gavana alitaka kupandisha kodi ya kampuni za kamari ya michezo, Bunge likakataa. Wawakilishi wakataka jimbo likope milioni 600, na riba ungelipa wewe na mimi. Seneti ndiyo ikaja na njia hii, ambayo haimpandishii mtu kodi. Uwanja wote ulikadiriwa dola bilioni 2.4, si kwamba jimbo linabeba peke yake. Na miaka 10 ni mingi, jamani! Nyie mnaolia leo, nani amewahi kutafuta jina lake? Mali bila daftari huisha bila habari.

Mchangiaji, Dayton
Ndugu wa Cleveland, hilo daftari unaliandika kwa jina gani? Mimi nimetoka Kongo kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kwenye kadi ya ukimbizi jina la baba limetangulia, kwa mwajiri wa kwanza limekuja nyuma, benki wakakata herufi ya mwisho. Tarehe ya kuzaliwa ni Januari 1, kama ya nusu ya watu wa kanisani kwetu. Kodi ya nyumba tulilipa kwa hawala za karatasi za dukani, na ile isiyofika kwa mwenye nyumba nayo huishia kwa jimbo. Kwa hiyo miaka 10 kwa mwenye wakili si miaka 10 kwetu. Ushauri wangu: tafuteni kwa kila namna jina lilivyowahi kuandikwa, na katika kila jimbo mliloishi, maana pesa hufuata anwani yako ya mwisho waliyokuwa nayo. MissingMoney.com inaunganisha majimbo mengi na ni bure. Anayetaka asilimia ili akutafutie, mkimbie.

Mleta mada
Hapo umenigusa. Illinois wao hulinganisha majina na rekodi za kodi, wakikuona wanakutumia hundi bila wewe kuomba. Jimbo linalojua nilipo likinidai kodi linashindwaje kunijua likiwa na changu? Waanze na hilo, ndipo tuhesabu miaka. Kesi ya kupinga mpango huu ilishafunguliwa Julai 2025. Mmoja wa mawakili ni Marc Dann, aliyewahi kuwa mwanasheria mkuu wa jimbo hilohilo. Hoja yao ni kwamba Katiba hairuhusu serikali kutwaa mali ya mtu bila fidia.

Mchangiaji, Cleveland
Illinois sawa, hilo siwezi kulipinga. Lakini bado hamjasema: kama si humu, milioni 600 zitoke wapi?

Mchangiaji, Nakuru
Zitoke kwa mwenye timu. Nanyi msidhani ni mambo ya Marekani tu. Huku Kenya tuna sheria ya pesa zisizodaiwa tangu 2011, na unaangalia kwa simu kwa *361#. Wengi wetu hatujawahi kubonyeza.

Mchangiaji, Dayton
Nimetafuta sasa hivi. Langu halipo, ila jina la marehemu mke wangu lipo, na anwani ni ile ya kwetu ya kwanza. Wanataka cheti cha ndoa. Ndoa yetu ilifungwa kambini na karatasi iliungua. Kuna mtu amewahi kupita njia hii?