Kipimo cha barazani kinatosha kusema hewa ya Nakuru imebadilika?

Mkaaji wa Section 58: Wadau, jirani yangu amefunga barazani kifaa cha kupima vumbi laini, PM2.5. Nyumba yake iko karibu na barabara kuu, na malori yakipanga foleni jioni namba zinapanda. Lakini mwezi huu wa Aprili zimeshuka kuliko Januari. Tuseme hewa imeanza kuwa safi? Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha vumbi hilo, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo ya hewa mwaka 2021, na sisi hatujui tumesimama wapi. Na ukweli usemwe, bodaboda ndizo zinatumaliza.

Boda wa Free Area: Umeanza na malori ukaja kumalizia kwetu? Pikipiki yangu ni ya stroki nne, haichanganyi oili na petroli. Nikisimama nyuma ya lori la kwenda Malaba, jioni nikipenga kamasi kitambaa kinatoka cheusi. Nani anammaliza mwenzake hapo?

Mwalimu wa Fizikia: Januari ni kiangazi, Aprili ni mvua, na mvua huosha vumbi. Linganisha Aprili na Aprili, pahali pale pale, miaka kadhaa. Tena vifaa hivi vidogo vinatumia mwanga kuhesabu chembe. Asubuhi ya unyevu vinahesabu hata matone ya ukungu. Ukitaka kufuata magari, pima pia naitrojeni dayoksaidi, gesi inayotoka kwenye injini.

Boda wa Free Area: Mwalimu, mvua sijauliza. Nauliza hicho kifaa kiliandika wapi neno pikipiki.

Mama Pipeline: Na Gioto mmeisahau? Jalala likiwaka usiku, moshi unaingia hadi kwenye neti. Mwanangu ana pumu, namkalisha wima kitandani mpaka alfajiri. Saa hizo foleni haipo, na kifaa cha huyo jirani kitasoma tu vumbi. Mtayapa magari lawama ya takataka.

Mkaaji wa Section 58: Pole sana, mama. Lakini kijana wa boda asijifanye malaika. Kuna zinazopita kwangu zikitoa moshi wa bluu.

Fundi wa Dizeli: Moshi wa bluu ni oili inaungua, ringi zimekwisha. Mweusi ni wa dizeli, injekta mbovu au filta ya hewa imeziba. Msichanganye. Dizeli yenyewe iliboreshwa, salfa ilishushwa hadi sehemu 50 kwa milioni, nadhani 2014 au 2015.

Mwalimu wa Fizikia: Januari 2015.

Boda wa Free Area: Haya, wa Section 58, umesikia fundi. Ringi zangu nimebadilisha Februari. Jumamosi saa moja njoo stejini na hicho kifaa. Tukiweke nyuma ya pikipiki yangu, halafu nyuma ya lori, mbele ya watu wote.

Mwalimu wa Fizikia: Dakika sawa kila upande, na umbali sawa. Nitakuja na daftari.

Mama Pipeline: Mkimaliza hapo, kileteni kwangu usiku.