Ndama wa wiki tano achanjwe miguu na midomo au nisubiri?

Zizi la Mlimani
Wakuu, habari za humu. Nipo Rungwe, nina chotara wa maziwa watatu na ndama wawili: mmoja wiki 5, mwingine miezi 5. Kijiji cha pili ng'ombe wameanza kutoka udenda na kuchechemea. Mchanjaji anapita Jumamosi, anataka tuchome wote kwa mpigo. Jirani anakataa, eti ndama chini ya miezi 6 chanjo inamuua. Nimsikilize nani?

Daktari wa Porini
Haimuui. Virusi vya kwenye chanjo hiyo vimeshauawa. Mama zao walichanjwa?

Zizi la Mlimani
Wa mkubwa nilimchanja mara mbili mwaka jana. Wa mdogo nilimnunua mnadani akiwa na mimba, historia yake anaijua dalali.

Daktari wa Porini
Basi hawa si wa kuhesabiwa umri tu. Mama aliyechanjwa humpa ndama kinga kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, na kinga hiyohiyo huizima chanjo ukiwahi mno. Ndiyo maana husubiriwa miezi minne hivi. Mkubwa ameshapita hapo, mchome. Mdogo, kama mama yake kweli hakuwahi kuchanjwa wala kuugua, anaweza kuchomwa mapema. Soma kwanza karatasi ya chanjo inaruhusu umri gani. Warudiwe baada ya wiki 4, kisha kila miezi 6. Na uliza kama chupa ina aina za virusi O, A, SAT 1 na SAT 2, maana kinga ya aina moja haizuii nyingine.

Mama Maziwa
Nilipoteza ndama wawili, hawakuwa na kidonda hata kimoja. Asubuhi wamenyonya, mchana wamekufa. Kwa ndama ugonjwa huu hupiga moyo. Maziwa ya ng'ombe anayeumwa usiwape bila kuchemsha. Na huyo mchanjaji aoshe viatu kwa maji ya magadi kabla ya kuingia, anatoka kwenye mazizi ya watu.

Mzee wa Mnada
Abadilishe na sindano. Akija na chupa mfukoni mwa koti badala ya kwenye barafu, mrudishe alikotoka.

Zizi la Mlimani
Asanteni. Kwa hiyo Jumapili nitakuwa salama?

Daktari wa Porini
Bado. Kinga hujengeka kwa wiki moja hadi mbili. Akiugua Jumanne, alikuwa ameshaambukizwa, usiisingizie chanjo. Wafungie ndani, malishoni wasiende. Afisa mifugo wa kata anajua habari za hicho kijiji cha pili?

Zizi la Mlimani
Sidhani kama kuna aliyemwambia. Nampigia sasa hivi.