Mtu kashalala chini, unarudi kumpigia nini? (Meza ya Jumamosi, Arusha)

Kisiki_cha_Mpingo (mleta mada)

Wakuu, msinisahihishe herufi, naandika vidole vinatetemeka. Nimetoka mezani saa hizi hizi. Kutoka mjini mpaka Sakina nimetembea kwa miguu kwenye manyunyu, vifodi vinanipigia honi navikataa, maana ningekaa karibu na binadamu yeyote ningemng'ata.

Jamaa mnamjua. Sitaji jina na sina haja ya kulitaja. Kila aliyewahi kukaa kwenye ile meza ya uani Jumamosi anamjua. Yule anayekuja na dadu zake za pande 20 kwenye kifuko cha kamba, anazipanga mezani 20 iangalie juu, moja moja, kama mganga anayepanga tunguri, na akipata namba ndogo anaiweka dadu pembeni eti ipumzike. Ndiye huyo huyo.

Kwa msiojua: tunacheza D&D, ule mchezo wa kusimulia na kurusha dadu. Meza iko wazi, ukipata kiti unacheza. Kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi. Wangu alikuwa anaitwa Kisiki, mpiganaji wa shoka. Alikuwa! Miezi minane nimemlea. Karatasi yake, pale pa kuandika uhai, nimefuta na kuandika mpaka imetoboka, nikaziba kwa selotepu, nikaendelea kuandika juu ya selotepu kwa maka. Wiki mbili zilizopita ndiyo kafika daraja la 5.

Leo mvua, watu tumekuja wachache. Mwendeshaji, yule anayesimulia na kuamua mchezo, akasema basi tusisafiri, tupigane ulingoni mbele ya mfalme, wenyewe kwa wenyewe, mshindi apewe mkanda. Na akasema, tena dada aliyekuwa anamimina chai alisikia: ukifika sifuri umetoka, kaa pembeni, leo hakuna kufa. Jamaa akaitikia "poa". Akarudia "poa kaka". Akarudia tena "poa, poa". Mtu kasema poa mara nne!

Tukapigana. Sikatai, alinizidi. Nimebaki na uhai 4, kanipiga 9, nimeanguka. Halali kabisa. Sisi tunatumia vizibo vya soda kuonyesha nani kasimama wapi, changu nimekipaka rangi nyekundu ya kucha. Nikakigeuza kifudifudi, nikavuta chai yangu.

Zamu zikazunguka zikarudi kwake. Mbele yake wamesimama watu wawili wazima, mmoja kampiga mishale miwili sasa hivi. Yeye anasema, "Namrudia Kisiki."

Namrudia Kisiki!

Nikadhani ananitania. Akarusha dadu mbili akachukua kubwa, 17. Akarusha tena mbili, 14. Halafu akasema kwa sauti ya karani wa mahakama: "Kwa kitabu, aliyepoteza fahamu ukimpata ukiwa ndani ya futi 5 ni pigo la kufisha, anahesabiwa kufeli dadu ya kufa au kupona mara mbili. Nimempata mara mbili. Hiyo ni nne. Kufa ni tatu."

Sheria hiyo naijua, msinifundishe. Kitabu ni kweli kinasema hivyo. Lakini tulikubaliana! Mbele ya chai!

Na hapo bado. Akanyoosha mkono, akakiokota kizibo changu kwa vidole viwili kama anaokota mende, akakidondosha kwenye sosa yangu. Pwaa. Chai ikarukia karatasi. Miezi minane, wino ukatambaa, jina la Kisiki likawa doa. Akacheka kicheko cha kusikika mpaka Tengeru.

Mwendeshaji tukamwangalia sote. Akasema "Mh." Huo ndio uamuzi wa refa. Mh.

Mimi wiki nzima nashona turubai za mahema ya safari. Nayashona, yanapakiwa, yanakwenda Serengeti, mimi nabaki na sindano. Safari yangu ni Jumamosi pale uani. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, hawakusema ukimkuta chini umkate shingo halafu umtie kwenye chai.

Naomba tuelewane: sijakasirika kushindwa. Nilikuwa NIMELALA CHINI.

Siti_ya_Mbele

Nimevuta kiti, karanga ninazo. Endelea mkuu.

Mangi_Bila_Kihamba

Uzi bila picha haujakamilika. Weka picha ya marehemu.

Kisiki_cha_Mpingo

Kizibo kipo mfukoni, kinanuka tangawizi. Sipigi picha msiba.

Chalii_wa_Ngarenaro

Oya kaka, yaani umetembea mjini mpaka Sakina na mvua kwa sababu ya kizibo? Cha soda gani lakini? Kama ni cha tangawizi basi kilirudi nyumbani.

Binti_Njiro

Mimi nilikuwepo, ndiye wa mishale. Kweli makubaliano yalikuwa hakuna kufa, na kweli kizibo kilitiwa kwenye sosa, sikupenda. Ila mleta mada mbona husemi ya mwezi uliopita? Tulipofika kwenye lile shimo la pangoni, nani alimsukuma mhusika wa jamaa ndani ili tujue kina chake?

Kisiki_cha_Mpingo

Dada yangu, ile ilikuwa kazi ya kundi! Kamba tulikuwa hatuna, taa hatuna, tulihitaji kujua kina. Na alitoka na uhai 1. Alitoka HAI. Nikamnywesha dawa yangu mwenyewe ya kuponya, ya mwisho niliyokuwa nayo. Mimi nani alininywesha? Nilinyweshwa chai na kizibo ndani.

Binti_Njiro

Alisema siku ile ile kwamba ipo siku. Wewe ulikuwa unacheka.

Siti_ya_Mbele

Eheee. Kumbe kisasi. Karanga zimeisha, naongeza.

Mwalimu_wa_Kijenge

Tuweke kumbukumbu sawa. Mchezo huu umetoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na ulizaliwa kutoka kwenye michezo ya vita ya mezani, ile ya kupanga majeshi madogo na kupimiana kwa rula. Mwaka 1975 Gygax alipeleka kwenye mashindano ya Origins kaburi lililojaa mitego, na watu waliingia na wahusika wao hodari wakamalizwa mmoja mmoja. Kufa kumo kwenye mchezo tangu mwanzo. Mleta mada chukua karatasi mpya, mchezo usonge.

Kisiki_cha_Mpingo

Mwalimu, shikamoo. Walioingia kaburini walijua wanaingia kaburini. Mimi niliambiwa leo hakuna kufa. Na huyo Gygax hakumtia mtu kizibo kwenye sosa.

Mwalimu_wa_Kijenge

Marahaba. Hilo la sosa siwezi kulitetea.

Pikipiki_Usiku

Mimi kosa naliona kwa mwendeshaji. Ukisema hakuna kufa, mtu akifa unasema hajafa, basi. Kazi ya mwendeshaji ni nini kama si hiyo? Kuna mmoja niliwahi kucheza kwake, wachezaji wawili wakianza kuchomana visu anafunga kitabu, anakwenda kuagiza mishikaki, mkimaliza ugomvi anarudi. Hatukuwahi kugombana mara ya tatu, maana mishikaki alikuwa anaila peke yake.

Mangi_Bila_Kihamba

Sisi Moshi mtu akimpiga aliyelala tunamnunulisha chai ya meza nzima.

Chalii_wa_Ngarenaro

Moshi mna meza?

Mangi_Bila_Kihamba

Tunayo, na ina miguu minne. Yenu pale uani mguu mmoja ni tofali, nimekaa hapo nikajua.

Kisiki_cha_Mpingo

Jamani tofali halihusiki. Hebu mjiweke kwenye nafasi yangu. Umeanguka. Umekigeuza kizibo chako mwenyewe, kwa heshima. Unakunywa chai. Unasikia "Namrudia Kisiki." Nikifumba macho naisikia. Ningekuwa nimesimama ningenyamaza.

Mzee_wa_Pasua

Wanangu, nimesoma yote. Nyie mnalilia karatasi, karatasi inaandikwa nyingine. Nisikilizeni mimi wa bao. Kete 64, mashimo 32, kila mtu anaanza na zake 32. Mwenzangu ninayecheza naye hapa Pasua, na wa Pasua wote wanamjua, tangu mwaka huu uanze kila tukifika mtaji, ile hatua ya pili ya mchezo, mimi naishiwa kete kabla ya wakati. Nikasema ni uzee wangu. Jumapili tukamaliza, nikazihesabu zote mbele yake. 62. Nikamuuliza mbili ziko wapi, ananiambia zitakuwa zimeliwa na kuku. Kuku gani anakula komwe?

Siti_ya_Mbele

Shikamoo mzee. Huu ndio uzi sasa.

Pikipiki_Usiku

Mzee shikamoo. Alikuwa amevaa koti la mikono mirefu?

Mzee_wa_Pasua

Marahaba wanangu. Koti, tena mchana wa jua.

Pikipiki_Usiku

Ziko kwenye mkono wa koti mzee. Nilicheza na wa hivyo hivyo, akisambaza kete anatikisa kiwiko. Nikamwambia akunje mkono, akasema ana homa.

Fundi_Redio

Bao angalau mnahesabu. Mimi kijiwe chetu cha drafti karibu na soko la Kilombero kuna mmoja, hana jina humu lakini anajijua, akikaribia kuliwa kingi anagonga ubao kwa goti. "Samahani, goti." Kete zote zimehama. Kila siku goti! Siku moja tumemfunga miguu na kamba ya magunia, akapiga chafya.

Chalii_wa_Ngarenaro

Nimekufa mimi 😂😂😂 akapiga chafya

Binti_Njiro

Na wa karata je? Nyumbani kwetu arubastini haichezwi tena tangu Krismasi. Shangazi aliona kadi kwenye kanga ya wifi yake. Mpaka leo salamu ni kwa watoto tu.

Kisiki_cha_Mpingo

Dada, wewe ulikuwepo! Ulikuwa unampiga mishale, alitakiwa akugeukie wewe. Waambie alivyokishika kizibo. Kwa vidole viwili.

Binti_Njiro

Kwa vidole viwili, ndiyo, nimeshasema. Pole kaka. Kweli pole, Kisiki alinikinga na yule joka mwezi wa tano, sijasahau. Jumamosi njoo, nitakuandikia karatasi mpya kwa mwandiko mzuri.

Kisiki_cha_Mpingo

Asante. Sijui kama nakuja. Akiwepo yeye siji. Aombe radhi kwanza, na aombe akiwa amekaa, asisimame juu yangu tena.

Mangi_Bila_Kihamba

Hivi pale uani bado wanauza chipsi mayai? Nakuja Arusha wiki ijayo.

Pikipiki_Usiku

Wanauza ila siku hizi yai wanalitandaza mpaka unaona sahani chini. Nenda kwa yule mama wa pembeni, mayai mawili, kachumbari bure.

Fundi_Redio

Bure? Mimi amenidai kachumbari juzi.

Pikipiki_Usiku

Uliomba ya pili wewe.

Fundi_Redio

Hata ya kwanza ilikuwa vitunguu vitatu! Nimevihesabu!

Kisiki_cha_Mpingo

Wakuu, mada.

Mwalimu_wa_Kijenge

Yule mama kachumbari ya kwanza hadai. Ya pili anadai. Pilipili hadai kabisa. Hili nina uhakika nalo.

Chalii_wa_Ngarenaro

Mzee wa Pasua upo? Umemkunjisha mkono wa koti?

Mzee_wa_Pasua

Nipo. Nimekwenda sasa hivi na tochi. Ameondoka kwenda kulala, ubao kaacha barazani na mfuko wa kete. Nimezihesabu tena.

63.