Tupeane uzoefu: siku dirisha la programu lilipokukimbia kwenye Linux

Fundi_Chumbageni: Wakuu, nimechomoa waya wa projekta, kumbe dirisha la hesabu limebaki kwenye skrini ya pili ambayo haipo tena. Chini linaonyesha liko wazi, ukilibofya haliji. Nani yalishamkuta?

kibodi_kavu: Sana tu.

MamaTeminali: Umenikumbusha machungu. Nilikuwa na kale kalaptopu kadogo, skrini 1024 kwa 600. Naweka mfumo upya, nikafika kwenye kugawa diski. Dirisha refu kuliko skrini, vitufe viko chini huko havionekani. Nikaanza kuhesabu Tab kwa kubahatisha: moja, mbili, tatu, Enter. Kumbe nimekubali kufuta diski nzima, na mle kulikuwa na picha za harusi ya dada yangu, nakala pekee. Baadaye kijana wa jirani alishika Alt, akaliburuta dirisha kwa maus kutoka katikati, likapanda juu, vitufe hivyo hapo. Nililia mbele yake.

pwani_tu: Pole dada. Zilipatikana?

MamaTeminali: Kiasi, kwa PhotoRec, programu ya kurudisha mafaili yaliyofutwa. Majina yote yakageuka namba. Bwana harusi hayumo hata kwenye moja.

kibodi_kavu: 😂😂 shemeji kafutwa

Ngariba_wa_Kodi: Turudi kwenye mada. Fungua programu kwa kuipangia mahali, mfano xterm, ile ya kuandikia amri: `xterm -geometry 800x600+0+0`. Kwisha.

Mzee_Mistari: Acha kupotosha watu. xterm inahesabu herufi na mistari, si pikseli. Hiyo 800x600 yako inatoa dirisha linaloipita skrini. Andika 80x24. Ukitaka kona ya chini kulia, weka -0-0.

Ngariba_wa_Kodi: xclock, ile programu ya saa, inakubali pikseli, mzee.

Mzee_Mistari: Nani kataja saa hapa?

pwani_tu: Mimi natumia wmctrl, amri ya kusogeza madirisha. Ila dirisha likiwa limetanuliwa skrini nzima linagoma, lipunguze kwanza.

jua_la_utosi: Hayo yote ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Kwenye Wayland, mfumo mpya, programu haijichagulii pa kukaa, na hiyo wmctrl yako haiyaoni madirisha ya huko. Hameni.

Mzee_Mistari: Tuhame tukapokonywe?

kibodi_kavu: Nunueni skrini kubwa muache kelele. Dada, shemeji anajua?

MamaTeminali: Anajua. Hajanisamehe.

pwani_tu: Fundi, lichague kwa Alt na Tab, bonyeza Alt na F7, gusa mshale mara moja, kisha sogeza maus. Litaiganda.

Fundi_Chumbageni: F7 kwangu inapunguza sauti.

pwani_tu: Ongeza Fn.

Fundi_Chumbageni: Limekuja! Ila jembamba kama rula.

pwani_tu: Alt na F8, livute.