Wakala anauza safari ya Tresco bila kuangalia maji kupwa na kujaa. Mlioko Uingereza, shikeni hela zenu

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira na leo sipunguzi maneno.

Kuna wakala wa safari za wikendi anajitangaza kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili tulioko Uingereza. Jina silitaji, wenye kumjua mmeshamjua. Kiangazi hiki alitangaza safari ya visiwa vya Scilly, kule mwisho wa nchi, kilomita 45 hivi baharini kutoka Land's End. Chambo kilikuwa bustani ya Tresco Abbey, kwenye kisiwa kidogo cha Tresco: mimea ya nchi za joto iliyopandwa kuzunguka magofu ya nyumba ya watawa. Tangazo likasema "siku nzima bustanini". Siku nzima! Mle ndani tumekaa chini ya dakika 40.

Tuanze na hesabu. Meli ya Penzance, mji wa bandari wa bara, inang'oa nanga saa tatu na robo asubuhi, inafika kisiwa kikubwa cha St Mary's mnamo saa sita mchana, na saa kumi na nusu inageuza. Katikati hapo upande boti ndogo kwenda Tresco, utembee hadi bustanini, utembee kurudi gatini, upande boti tena. Hiyo siku nzima inatoka wapi? Na kaka yetu hakuwa ameweka nafasi kwenye boti. Tumefika gatini St Mary's, ya kwanza imejaa, tukasimama juani na mabegi yetu huku yeye anapiga simu.

Sasa tuje kwenye kilichonichemsha. Mimi mtu wa Pangani. Kwetu hata mtoto anayekwenda kuokota chaza anajua leo ni bamvua (maji yanajaa na kupwa sana) au maji mafu (yanapanda na kushuka kidogo). Scilly ni hivyo hivyo, na zaidi: bamvua maji yanapanda na kushuka karibu mita 5, na yakikauka sana watu wanavuka kwa miguu kutoka Tresco kwenda kisiwa cha jirani cha Bryher. Ndiyo maana boti za Tresco hazina gati moja. Maji yakiwa yamekupwa zinashusha Carn Near, upande wa kusini, karibu na bustani. Yakijaa zinatumia New Grimsby, mbali zaidi. Unaweza kushushwa hapa na kuchukuliwa kule siku hiyo hiyo. Si siri hata kidogo: gatini St Mary's kuna mbao zimeandikwa kwa chaki saa za boti, na nahodha mwenyewe anatangaza mnaposhuka mtachukuliwa wapi.

Siku yetu ilikuwa bamvua. Tukashushwa Carn Near maji yamekauka, nahodha akapaza sauti kwamba kurudi ni New Grimsby. Kiongozi wa msafara alikuwa anajipiga video. Kwa hiyo muda ulipofika nusu ya watu walikwenda New Grimsby kwa sababu walimsikia nahodha, na nusu wakarudi Carn Near kwa sababu wakala aliwaambia "mlipoteremkia ndipo mtakapopandia". Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, magoti yanamsumbua, amekokotwa kutoka gati moja hadi lingine huku anaambiwa "mama jitahidi, boti inatuacha". Watu wa bara mnisamehe, lakini mtu asiyejua maji asiuze safari ya visiwani.

Kinachouma ni kwamba bustani yenyewe inastahili nauli. Magofu ni ya priori (monasteri ndogo) ya Mtakatifu Nikolasi, wamonaki, yaani watawa wa kiume, Wabenedikto wa karne ya 12 (tangazo lilisema "masista", hata hilo hakuhangaika kuliangalia). Mwaka 1834 bwana mmoja, Augustus Smith, alikodi visiwa vyote, akajenga nyumba jirani na magofu na kuanza kupanda. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzuia upepo, maana upepo wa chumvi pale hauachi kitu: kuta ndefu, halafu miti ya kinga. Januari 1987 theluji na baridi kali vikaua sehemu kubwa ya mimea. Hawajamaliza kupanda upya, Januari 1990 dhoruba ikaangusha miti mingi ya ile kinga. Wakaanza tena.

Nilisimama chini ya tao la mawe lililobaki. Kwenye nyufa zake imejipachika mimea minene ya visiwa vya Kanari, majani yamepangana duara kama vikombe kwenye sinia, hakuna udongo unaouona. Juu, kwenye matuta yanayopigwa jua zaidi, kuna maua ya protea na mishubiri (aloe) ya Afrika Kusini. Nilikuwa naelekea huko, kwenye ngazi za mawe zenye kichwa cha Neptuni, mungu wa bahari wa Warumi, kilichotoka kwenye meli iliyovunjika mwaka 1841, nikasikia filimbi. Filimbi, wakuu, tunaitwa kama watoto wa chekechea. Jumba la sanamu za omoni, zile za kuchonga zinazowekwa mbele ya meli, zilizokusanywa kutoka meli zilizozama visiwani humo, sikulikanyaga kabisa.

Nilipomuuliza wakala, akanijibu, "Dada, mambo ya bahari ni ya Mungu." Mungu gani anasingiziwa hapa? Jedwali la maji linachapishwa mwaka mzima kabla, saa na dakika. Tarehe aliichagua mwenyewe.

Nimedai nirudishiwe sehemu ya hela. Kwanza akanipa "punguzo la safari ijayo", nilipokataa akanitoa kwenye grupu. Alituuzia usafiri na malazi ya Penzance kwa bei moja, na kwa ninavyoielewa sheria ya vifurushi vya safari ya 2018, aliyekusanya kifurushi ndiye anayewajibika kwa kilichoahidiwa. Nililipa kwa benki, tangazo nimelihifadhi, na meseji zake zote ninazo.

Aliyewahi kufungua kesi kwenye mahakama ya madai madogo huku Uingereza anieleze pa kuanzia na ada zake. Na kama ulikuwa kwenye msafara ule, hasa mlioachwa Carn Near, njoo PM tuunganishe risiti tumdai kwa pamoja.