Baba mdogo kauza kihamba cha babu na makaburi yakiwa ndani, tumeenda kusalimia tumezuiwa getini

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki kusubiri zipoe. Zikipoa wazee wataanza na yale yao ya "tumalizane kifamilia", na hili halimalizwi hivyo.

Desemba hii tulipanga kwenda nyumbani Mwika, Kilimanjaro, familia nzima. Mama ndiye aliyeomba. Umri umeenda, miguu inavimba, na alitaka kitu kimoja tu: afike kwenye kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba na makaburi) alikoolewa, asali kwenye makaburi ya wakwe zake, na wajukuu waone walikotoka. Wanangu wamezaliwa Dar, Kichagga hawakijui. Tukatoka alfajiri. Chalinze, Segera, Mombo tukala, Same, mpaka Himo giza limeshaingia. Zaidi ya kilomita 500 na mama mgonjwa ndani ya gari, tukisimama kila mara ili anyooshe miguu, na hakulalamika hata kidogo. Baba mdogo aliyejua kabisa kwamba tunakuja, simu yake ilikuwa haipatikani tangu tuko njiani. Tukalala Himo nyumba ya wageni.

Asubuhi tukapanda Marangu Mtoni, tukaingia Mwika. Pale kwenye njia ya kuingia kwetu kuna geti jeusi la chuma. Kijana akachungulia, akatuuliza tunamtafuta nani. Mama akamjibu, "Tunaenda kwetu." Kijana akasema hapa pameuzwa, mwenyewe yuko Arusha, na bila ruhusa yake haingii mtu.

Mama alisimama pale nje kwenye vumbi mpaka jirani mmoja, mzee aliyesoma na marehemu baba, akaja kumwombea kwa kijana aingie dakika chache tu. Tukaingia.

Nyumba ya babu haipo. Mibuni imekatwa yote, visiki vimechomwa. Hiyo mibuni ndiyo iliyosomesha baba yangu na ndugu zake, huyo aliyeuza akiwemo. Babu alipeleka kahawa yake KNCU, chama cha ushirika kilichoanza mwaka 1933, na kila ada ya shule ya nyumba ile ilitoka humo. Isale za mpakani zimeng'olewa. Mchagga yeyote hapa anajua mmea huu wa isale ni nini kwetu: ndiyo mpaka, ndiyo tunayopanda makaburini, na ndilo jani unaloenda nalo kwa mtu uliyemkosea.

Sasa makaburi. Kaburi la bibi lina zege juu, tulilijengea wenyewe baada ya msiba. Mafundi wamepageuza pa kuchanganyia mchanga na saruji. Saruji imegandia juu, imefunika jina lake na tarehe, koleo limeachwa limelala hapo hapo. Mama alipiga magoti akaanza kubandua kwa kucha. Mke wangu akamsaidia kwa funguo za gari. Yakaonekana majina mawili ya mwanzo tu, lingine limeshika. Binti yangu mdogo akaniuliza kwa nini watu wamemwaga matope juu ya bibi. Nilishindwa kumjibu, na baba mdogo, kama unasoma hapa, hilo swali ni lako.

Kwa mila yetu kitinda mimba ndiye anayebaki kwenye nyumba ya wazazi, na yeye ndiye kitinda mimba. Hakuna aliyewahi kumpinga. Lakini alibakishwa atunze, awe pale mtu akirudi apate mlango wa kubisha. Kuuza bila kuita kikao cha ukoo, bila hata kumwambia shemeji yake mjane, hiyo mila ameitoa wapi?

Na kuna hili ambalo linanichoma kuliko yote. Mwaka huu huu tulichanga kwenye kundi la familia pesa ya kujengea uzio wa makaburi. Yeye ndiye aliyeleta makadirio ya matofali na nondo. Yeye ndiye aliyepokea. Akatuma na picha za matofali! Jirani anasema wakati huo mnunuzi alikuwa ameshalipa. Sasa wale mtakaokuja na "nyie wa mjini mnakuja Desemba kula mbuzi na kunywa mbege halafu mnadai urithi", someni hii aya mara ya pili kwanza.

Mnunuzi nilimpigia. Akanitumia picha ya mkataba: kurasa mbili, mashahidi wawili nisiowajua, muhuri wa kiongozi wa kitongoji cha pale kijijini, na mstari unaosema eneo "halina mgogoro wala haki ya mtu mwingine". Makaburi yanaonekana ukiwa umesimama getini. Huyo kiongozi aliyegonga muhuri amezika pale pamoja nasi, amekula matanga pale. Simwelewi na sitaki kumwelewa.

Kisheria nimeanza kuulizia na niliyoyapata nayaweka hapa kwa ajili ya wengine. Babu alifariki bila wosia na hakuna aliyewahi kuteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi. Asiye msimamizi hana mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, hata awe mtoto wa kumzaa. Pili, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inataka idhini ya Halmashauri ya Kijiji, na muhuri wa mtu mmoja hauwezi kuitwa halmashauri. Tatu, hata serikali yenyewe ikitaka eneo lenye makaburi kwa shughuli ya umma, ipo sheria ya mwaka 1969 inayoilazimu kutoa notisi kwanza kwa ndugu wa marehemu. Serikali inatoa notisi, baba mdogo anatupiga kufuli.

Tumeshafungua shauri la kusuluhishwa Baraza la Kata, maana siku hizi kazi yao ni kusuluhisha, kuamua ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wazee wa ukoo wamenipigia wakisema nisimpeleke mzazi wangu mahakamani, tukae, tuchinje, yaishe. Wazee wangu nawaheshimu, shikamooni, lakini hamkuwa pale mama alipokuwa anabandua saruji. Na mkumbuke madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12. Nyumba nyingi huko kwetu zimepoteza vihamba kwa huku kukaa na kuchinja, mnunuzi anajenga, anahamia, watoto wake wanakulia pale.

Ninachohitaji kwenu ni kutoka kwa mtu aliyepitia, sitaki pole. Nataka zuio la ujenzi kabla shauri halijasikilizwa. Walikudai nyaraka gani, na ulisubiri muda gani? Msimamizi wa mirathi lazima ateuliwe kwanza, au maombi yanaweza kwenda pamoja? Jirani kanitumia picha asubuhi hii, ukuta umefika kwenye linta.