Slaidi feki zinang'oa tishu, lawama tunapewa sisi!

Wadau wa maabara mlioko Nairobi, leo nimechoka na nitasema.

Kila tukifika hatua ya kuchemsha slaidi za vipimo vya vipokezi vya estrojeni na projesteroni, zile za saratani ya matiti, vipande vya tishu vinang'oka na kuelea kwenye bafa, yaani ule myeyusho wa kuchemshia. Unainua slaidi, kioo kitupu. Swali la kwanza la mkubwa: "Nani alikata hii?"

Jamani! Kipande kina unene wa mikroni 3, kimetandazwa kwenye maji ya nyuzi 42 bila mkunjo, slaidi ikasimamishwa hadi maji yakachuruzika, ikalala kwenye oveni ya nyuzi 37 usiku kucha, asubuhi ikapandishwa 60 kwa saa nzima. Mlitaka tukishone kwa uzi?

Shida ni kioo. Muuzaji mmoja wa hapa mjini ametuletea slaidi zenye alama ya kujumlisha kwenye kona, eti zina chaji chanya ya kushika tishu, maana tishu ina chaji hasi. Alama hata mimi naweza kuichora! Nilichukua bloku moja ya nta yenye tishu, nikaweka kipande kwenye slaidi za zamani zilizobaki kabatini na kinachofuata kwenye hizi mpya. Oveni moja, bafa moja. Za zamani zilishika, mpya zikabaki tupu. Nikapeleka ofisi ya ununuzi, nikaambiwa zabuni alipewa mwenye bei ya chini. Haya.

Msinishauri ute wa yai. Unafaa kwa rangi za kawaida za hematoksilini na eosini, lakini si kwa bafa ya pH 9 inayokaribia kuchemka. Na mnaotia jelatini kwenye beseni la maji, slaidi yenye chaji ya kweli mnaiharibu wenyewe, kwa sababu jelatini inaifunika. Titi lenye mafuta mengi husumbua hata kwenye slaidi nzuri, hilo nakubali. Lakini hapa hata tonsili ya kontroli, ile ya kuhakikisha kipimo kinafanya kazi, inang'oka!

Kinachoniuma ni bloku za sindano, yaani za nyama iliyotolewa kwa kumdunga mgonjwa. Nyama yenyewe ni kauzi kembamba, na kila ukiirudisha kwenye maikrotomu, mashine ya kukatia, lazima uisawazishe upya, tishu inazidi kuisha. Halafu mama wa watu anapigiwa simu arudi adungwe tena, nauli juu yake.

Nani ana muuzaji anayekubali tujaribu pakiti moja kabla ya kulipa? Na mnaopaka slaidi wenyewe kwa silani au poli-L-lisini ili zishike tishu, dawa mnanunua wapi hapa Nairobi?